SOMO LA UFUNDI: GINSI DEREVA INAVYOSEMA NA KUMBUKUMBU YA FLASHI



Katika namba hii sisi wa mwaka wa sita tunapenda kuwaeleza juu ya kitu ambacho kiko mikononi mwa watu wengi leo, lakini wachache wanajua kina nini ndani. Ni kumbukumbu ya flashi. Iko ndani ya kle ya USB, ndani ya karti ndogo ya telefone, ndani ya telefone yenyewe, na ndani ya kompyuta nyingi za sasa. Kila siku tunasikia maneno haya haya: «Flashi yangu imekufa.» «Nilitosha tu mbio mbio, sasa haifunguke tena.» «Karti hii walisema ni ya giga 64, lakini picha zinapotea.»

Mutu akipoteza wimbo, hapana neno kubwa. Lakini siku hizi points za mitihani, orodha ya wagonjwa wa dispensere, hesabu za ushirika, na kazi ya mwisho ya mwanafunzi vyote vinawekwa ndani ya kitu kisichopita ukubwa wa ukucha. Basi inafaa tuulize: nani anaandika mule ndani? Nani anahakikisha kwamba kile kilichoandikwa ndicho kitakachosomwa kesho? Mlinzi mmoja mkubwa wa kazi hiyo ni dereva. Hilo ndilo somo letu.

1. MANENO YA KUJUA KWANZA

Mfumo wa uendeshaji ni programu kubwa inayotawala kompyuta yote. Linux ni mfano mmoja; Android ya telefone nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Chipu ya flashi ni ghala yenyewe, pahali biti zinapolala.

Kontrola ni kifaa cha umeme kinachosimama kati ya kompyuta na chipu. Inapeleka amri, inapokea majibu.

Dereva ni programu inayojua lugha ya kontrola. Musafiri anayepanda kamiyo anasema tu: «Ninaenda Butembo.» Hajui vitesi wala freni. Shofere ndiye anajua. Vivyo hivyo programu ya kuandika barua inasema tu: «Linda barua hii.» Haijui kama chini kuna diski ao flashi. Dereva ndiyo inayojua, na makosa ya dereva yanaangukia musafiri.

2. CHIPU ILITOKA WAPI, NA IMEPANGWA NAMNA GANI

Flashi iligunduliwa na Fujio Masuoka, injinia wa Toshiba katika Japani. Mwaka 1984 aliionyesha mbele ya wataalamu katika mukutano wa San Francisco, na mwaka 1987 kikundi chake kilionyesha aina ya pili inayoitwa NAND. Jina la flashi lilitolewa na mwenzake Shoji Ariizumi, kwa sababu kufuta kwake kulimkumbusha mwangaza wa mara moja wa mashini ya kupiga picha. NAND ndiyo iliyoenea sana, nasi tutasema juu yake tu.

Tuchukue chipu moja ya kawaida ya gigabiti 2. Imepangwa hivi:

— Ukurasa mmoja una baiti 2,048 za kuandikia, pamoja na baiti 64 za pembeni. Hizo za pembeni ni kama marji ya kaye: si za habari yenyewe, ni za alama na za hesabu ya kusahihisha.
— Kurasa 64 zinafanya bloku moja.
— Bloku 2,048 zinafanya chipu nzima.

Tupige hesabu: 2,048 × 64 = baiti 131,072 kwa bloku moja. Mara 2,048 tena, tunapata baiti 268,435,456. Ndizo gigabiti 2.

3. TABIA TATU NGUMU ZA FLASHI

Tabia ya kwanza: inaandika kwa ukurasa, lakini inafuta kwa bloku. Bloku iliyofutwa ina biti 1 peke yake. Kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0. Lakini kurudisha 0 kuwa 1 haiwezekane, ila kwa kufuta bloku nzima na kurasa zake zote 64. Wale wanaosaidia kutoa gazeti hili wanaelewa mbio: karatasi ya stensili ikishatobolewa herufi, tundu halijifunge. Ukitaka herufi ingine fasi ile ile, unachukua karatasi mpya.

Tabia ya pili: inachoka. Kila kufuta kunaharibu kidogo ngozi nyembamba inayozuia umeme ndani ya chumba cha biti. Chipu inayolinda biti moja katika kila chumba inavumilia kufutwa mara 100,000 hivi. Zile zinazolinda biti tatu katika kila chumba zina bei rahisi, lakini nyingi zinavumilia mara elfu moja mpaka elfu chache tu.

Tuone maana yake. Kama programu inafuta bloku moja ile ile kila dakika, mara 100,000 zinakwisha katika siku 69 hivi. Lakini kama kazi hiyo inagawanywa sawasawa juu ya bloku 2,000, kwa hesabu tu inapita miaka 300. Ni zamu. Sisi tunaopanga zamu za kuchota maji katika internat tunajua vizuri: ukituma watoto wale wale kila asubui, watachoka kabla ya mwezi kwisha, na wengine watanenepa bure.

Tabia ya tatu: haiko kamili hata siku ya kuzaliwa. Kiwanda kinauza chipu ikiwa na bloku mbovu ndani, na kinasema hivyo wazi katika karatasi zake. Kwa chipu tuliyotaja, kiwanda kinaahidi bloku nzuri 2,008 tu juu ya 2,048. Zile mbovu zimetiwa alama katika baiti za pembeni. Tena, hata katika bloku nzuri, biti moja inaweza kugeuka yenyewe, ikiwa mutu amesoma mara nyingi jirani yake ao ikiwa miaka imepita.

Basi mtengenezaji wa dereva anapewa ghala ambayo haifute anapotaka, inachoka, na ina vyumba vibovu. Juu ya ghala hiyo anapaswa kujenga kitu cha kuaminika.

4. HATUA ZA KUTENGENEZA DEREVA

Hatua ya 1: Kusoma karatasi za kiwanda. Kila kontrola ina rejista, ni kusema vijumba vidogo vyenye anwani. Ukiandika namba katika kijumba kimoja, kontrola inapeleka amri. Ukisoma kingine, unaona hali yake. Mutu asiyesoma karatasi hizo mpaka mwisho anabahatisha, na kubahatisha hapa kunaharibu mali ya wengine.

Hatua ya 2: Kuamusha kontrola na kuuliza chipu jina lake. Dereva inawasha saa ya kontrola, kisha inapeleka amri FF, maana yake «anza upya». (Namba za amri zinaandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ndiyo sababu kuna herufi.) Kisha inapeleka amri 90: «wewe nani?» Chipu inajibu kwa baiti chache. Ya kwanza ni ya kiwanda: 98 ni Toshiba, EC ni Samsung, 2C ni Micron. Ya pili inaonyesha aina ya chipu. Zamani kila kiwanda kilieleza ukubwa kwa ginsi yake. Mwaka 2006 viwanda kadhaa vilipatana juu ya kanuni inayoitwa ONFI, ili chipu ijieleze yenyewe.

Hatua ya 3: Kufundisha dereva kazi tatu.

Kusoma: amri 00, kisha baiti tano za anwani, kisha amri 30. Chipu inahitaji karibu sehemu 25 za milioni za sekunde ili kutayarisha ukurasa. Kisha baiti zinatoka.

Kuandika: amri 80, anwani, baiti zenyewe, kisha amri 10. Inachukua sehemu 200 mpaka 300 za milioni za sekunde.

Kufuta: amri 60, anwani ya bloku, kisha amri D0. Inachukua karibu sehemu 2 za elfu za sekunde. Kwetu ni kidogo sana, lakini kwa kompyuta ni safari ndefu.

Hatua ya 4: Kungoja kwa akili. Chipu ina waya mmoja unaosema «niko na kazi» ao «niko tayari». Dereva nzuri haisimame ikitazama waya huo bila kufanya lingine; inaacha kompyuta iendelee na kazi zingine, na kontrola inapiga kengele wakati inamaliza. Lakini isingoje milele. Kama kengele hailie kwa muda uliopangwa, dereva inapaswa kurudi na kusema: kuna tatizo.

Hatua ya 5: Kuuliza kama kazi imefanikiwa. Hatua hii ndiyo moyo wa somo. Nyuma ya kila kuandika na kila kufuta, dereva inapeleka amri 70: «hali yako?» Chipu inarudisha baiti moja. Biti ya 6 ikiwa 1, chipu iko tayari. Biti ya 0 ikiwa 1, kazi imeshindwa. Dereva isiyotazama biti ya 0 itajibu «imelindwa» hata kama hakuna kitu kilicholindwa. Mutu atafunga kompyuta na moyo mweupe, na atajua ukweli siku ya kufungua.

Hatua ya 6: Kuheshimu bloku mbovu. Mbele ya kufuta hata bloku moja, dereva inapaswa kupita juu ya chipu yote, kusoma alama za kiwanda, na kuandika orodha. Ukifuta bloku mbovu, unafuta na alama yake, na hakuna tena njia ya hakika ya kuijua. Ni kama kitanda kilichovunjika katika dortware: kapita anakitia alama ya chaki ili mutu asipangwe hapo. Mtu akipangusa chaki, mgeni atalala hapo usiku na kuanguka.

Hatua ya 7: Kujiandikisha kwa mfumo. Katika Linux, sehemu inayopokea flashi za aina hii inaitwa MTD. Kazi zinazofanana kwa chipu zote zimekwisha kuandikwa pale; mwenye kontrola mpya anaandika tu yale yanayoihusu. Tangu Linux 4.16 ya mwaka 2018, kuna mlango mmoja unaoitwa exec_op: mfumo unaleta amri zote za kazi moja kwa pamoja, zimepangwa kwa mstari, na dereva inazitekeleza. Mbele ya hapo, dereva nyingi zilikuwa zikikisia amri gani inafuata.

5. HESABU YA KUSAHIHISHA

Tulisema biti inaweza kugeuka yenyewe. Namna gani kompyuta inajua? Mwaka 1950 Richard Hamming, mwanahesabu wa Marekani, alitoa njia. Tuifanye pamoja, mushike biki na karatasi.

Tunataka kulinda biti nne: 1 0 1 1. Tunaziweka katika nafasi ya 3, ya 5, ya 6 na ya 7. Nafasi ya 1, ya 2 na ya 4 ni za walinzi. Kila mlinzi anachaguliwa ili jumla ya kikundi chake iwe shufwa, ni kusema igawanyike kwa mbili:

— Mlinzi 1 anatazama nafasi 1, 3, 5, 7. Tuna 1 + 0 + 1 = 2. Ni shufwa tayari. Mlinzi ni 0.
— Mlinzi 2 anatazama 2, 3, 6, 7. Tuna 1 + 1 + 1 = 3. Mlinzi ni 1.
— Mlinzi 4 anatazama 4, 5, 6, 7. Tuna 0 + 1 + 1 = 2. Mlinzi ni 0.

Tunaandika: 0 1 1 0 0 1 1.

Sasa tuseme nafasi ya 6 imegeuka. Tunasoma: 0 1 1 0 0 0 1. Kikundi cha mlinzi 1 kina jumla 2: sawa. Kikundi cha mlinzi 2 kina jumla 3: si sawa. Kikundi cha mlinzi 4 kina jumla 1: si sawa. Tunajumlisha majina ya walinzi wanaolalamika: 2 + 4 = 6. Kosa liko nafasi ya 6! Tunaigeuza, na habari imepona.

Katika flashi za zamani njia hiyo ilitosha: kosa moja katika baiti 256 ao 512. Flashi za leo zinakosea zaidi, kwa hiyo wanatumia hesabu zenye nguvu zaidi, kama ile inayoitwa BCH. Mara nyingi kontrola inapiga hesabu hiyo yenyewe, na dereva inasoma jibu katika rejista. Majibu ni ya namna tatu, na dereva haina ruhusa ya kuyachanganya:

— Hakuna kosa, ao kosa dogo tu lililosahihishwa.
— Makosa yamesahihishwa, lakini yamekuwa mengi. Habari ni nzuri bado. Inafaa ihamishwe katika bloku ingine mbele haijaharibika. Linux inaliita jibu hili EUCLEAN.
— Makosa yamepita nguvu ya hesabu. Linux inaliita EBADMSG. Hapo dereva inapaswa kusema wazi: «Siwezi kusoma.»

Wengine watasema: afazali kutoa kitu kuliko kukataa. Sisi tunasema hapana. Mwalimu akiambiwa «points hazisomeke», atafungua kaye yake na kuziandika tena. Lakini akipewa 43 pahali pa 73, hatajua, na mwanafunzi atarudia mwaka bila sababu. Kimya juu ya kosa ni mubaya kuliko kosa lenyewe.

6. KURANTI IKIKATIKA

Huku kwetu hilo si ulizo la mbali. Kuranti inaweza kukatika katikati ya kufuta, na bloku ikabaki nusu imefutwa, nusu hapana. Dereva peke yake haiwezi kuzuia. Ndiyo sababu juu yake kuna tabaka zingine: JFFS2 ya mwaka 2001, kisha UBI ya mwaka 2007 na UBIFS ya mwaka 2008. Kanuni yao ni moja: habari mpya inaandikwa fasi mpya, pamoja na namba ya mfuatano, ya zamani haifutwe mpaka mpya imekamilika. Kuranti ikikatika, mfumo unapoamuka unalinganisha namba na kuchukua nakala nzima. Unaweza kupoteza mstari wa mwisho, lakini si kitabu chote.

Katika diski kubwa za flashi, wajenzi wengine wanatia pia kondensateri zinazotunza umeme wa kumaliza kazi iliyoanzishwa. Nyingine zinatengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka katika coltan, jiwe linalochimbwa huku kwetu, kwa mfano Rubaya katika Masisi. Jiwe tunalijua sana. Kazi yake tuijue pia.

7. KLE YA USB, NA KARTI ZA UONGO

Katika kle ya USB na karti ya telefone, kontrola iko ndani pamoja na programu yake yenyewe. Ndiyo inayopanga zamu na kuficha bloku mbovu. Kompyuta haioni chipu; inaona tu kile kontrola inachosema. Kutoka hapo tunapata mashauri mawili.

Kwanza, usitoshe kle mbele ya kuambia kompyuta. Kompyuta inaweza kuwa imelinda maandiko yako katika kumbukumbu yake ya haraka, haijayapeleka bado. Na kontrola inaweza kuwa katikati ya kuhamisha bloku.

Pili, kuna karti za uongo. Wadanganyifu wanabadilisha programu ya kontrola ili iseme giga 64, na ndani mna 8 tu. Ukipita 8, maandiko mapya yanaanguka juu ya yale ya zamani ao yanapotea. Dawa ni kuijaza yote na kusoma tena mbele ya kuweka kitu cha maana. Programu ya bure inayoitwa F3 inafanya kazi hiyo.

8. MUNAWEZA KUJARIBU

Linux iko wazi: kila mutu ana ruhusa ya kusoma dereva zake. Tena ina sehemu inayoitwa nandsim, inayoigiza chipu ya NAND ndani ya kumbukumbu ya kawaida. Kwa hiyo mwanafunzi asiye na chipu hata moja anaweza kufuta, kuandika, hata kutengeneza bloku mbovu kwa kusudi, bila kuharibu mali ya mutu. Kinachohitajika ni kompyuta moja, uvumilivu, na moyo wa kusoma karatasi za kiwanda mpaka mwisho.

MAULIZO

1. Chipu ina kurasa za baiti 512, kurasa 32 kwa bloku, na bloku 4,096. Ukubwa wake ni baiti ngapi?
2. Tumesoma 1 1 1 0 0 1 1 kwa njia ya Hamming. Nafasi gani imegeuka?
3. Dereva moja inafuta chipu yote kwanza, kisha inatafuta alama za bloku mbovu. Eleza kosa lake.
4. Kwa nini EUCLEAN si habari mbaya, lakini si habari ya kudharau?

Majibu muyaandike katika karatasi na kuyaleta kwa kapita wa darasa lenu. Namba inayofuata itatoa masahihisho. Wale wa mwaka wa tatu na wa ine wasiogope: hesabu zote ziko katika kujumlisha na kuzidisha.

Kwa niaba ya mwaka wa sita,
Kapita mukubwa wa wanafunzi